Alichokuwa Akimwambia Doa

Jumamosi, 15 Machi

Ngina ameondoka leo saa moja asubuhi. Amechukua begi la kijani, sufuria moja na dawa ya kuchua aliyoinunua Ukunda. Anakwenda Samburu hii ya karibu, si ile ya kaskazini, kwa mama yake, ambaye tangu kiharusi kimpige mwezi uliopita hawezi kusimama bila kushikwa. Nilimuuliza atarudi lini. Akasema, "Mama akipata nafuu." Nikamuuliza, na asipopata? Alimwinamia mbwa, akamnong'oneza jambo, kisha akalifunga lango mwenyewe kwa nje.

Mimi nilibaki nimesimama barazani kama mgeni aliyekosa mwenyeji.

Ninaandika kwa sababu nilizoea. Miaka ishirini na sita nilikuwa dobi wa hoteli kule Diani, na kila jioni kabla ya kutoka niliandika daftari la zamu: mashine ipi inavuja, shuka zipi zimegoma kutakata. Tangu nistaafu Desemba, ikifika saa kumi na moja mkono unatafuta kalamu. Daftari hili aliliacha binti yetu Judy alipokuja Krismasi. Kurasa za mwanzo zina majina ya wanafunzi wake. Nimeanzia katikati.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani wameniuliza Mama Judy yuko wapi. Nimesema amesafiri.

Jumanne, 18 Machi

Doa hali chakula. Ni mbwa mweupe mwenye baka la hudhurungi mgongoni, kama chai iliyomwagikia shuka. Ndiyo maana nilimpa jina hilo siku nilipomkuta chini ya toroli la nguo chafu, kitoto cha wiki chache, nikamleta nyumbani Bongwe awe mlinzi. Ngina ndiye aliyemgeuza kuwa mtu wa nyumbani.

Mwaka juzi radi ilipiga mnazi ulio nyuma ya jiko letu, hatua kumi tu kutoka alipokuwa amelala. Tangu siku hiyo wingu likifanya weusi anaanza kutetemeka. Lakini mimi nilikuwa kazini mchana kutwa. Nilikuwa nikirudi jioni, mvua imeshapita, nikiwakuta wametulia wote wawili, Ngina anachambua kunde na mbwa amelala. Sikuwahi kuuliza mchana wao ulipitaje.

Jumapili, 23 Machi

Watu wakidhani tuligombana, wanakosea. Afadhali tungegombana. Ngina aliniomba mara moja tu, mwezi wa pili, tumlete mama hapa Bongwe tumuuguzie. Nikamkumbusha kwamba kwetu Wakamba mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja, hata kutazamana usoni wanaoneana haya. Nikasema nyumba ni ndogo. Akasema, "Sawa, Baba Judy." Hakurudia tena. Wiki tatu baadaye alifunga begi.

Jumatatu, 31 Machi

Leo ni Idi. Watoto wa barabarani wamelipua fataki tangu asubuhi. Doa aliingia mvunguni mwa kitanda akakojoa humo humo. Nilimvuta kwa ukosi, nikamfunga mnyororo kwenye mpera nje, nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza.

Mzee Swabir, jirani yetu, alikuja na sahani ya pilau iliyofunikwa kawa. Akasimama nje ya ua, kwa sababu yeye na mbwa kila mmoja ana mipaka yake.

"Shikamoo, Mzee. Idi njema."

"Marahaba. Baba Judy, huyo mnyama anaadhibiwa kwa kosa gani?"

Nikasema anapiga kelele.

"Anapiga kelele kwa sababu anaogopa," akasema. "Sasa anaogopa na amefungwa." Akanipa sahani, akaenda zake.

Jumamosi, 5 Aprili

Jua zuri. Nimefua nyumba nzima: mapazia, mashuka, foronya, taulo, hata ile leso ya zambarau ya Ngina ambayo Doa huilalia. Nimeanika kamba tatu. Kwa mara ya kwanza tangu nistaafu nimejiona mtu mwenye kazi. Ngina mwenyewe angekiri kuwa zimetakata.

Jumapili, 6 Aprili

Jana jioni nilimtandikia Doa leso yake, safi, imekunjwa pembe nne. Akainusa. Akaizunguka. Akainusa tena, kisha akaanza kuzunguka nyumba, chumba hadi chumba, pua sakafuni, akitoa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake. Alipanda kitandani upande wa Ngina, jambo asilothubutu kulifanya mbele yangu, akachimba kwenye mto kwa miguu. Nilimkemea. Ndipo nikaelewa alichokuwa akikitafuta.

Nilimshusha, nikauchukua mto, nikauweka usoni. Ulinuka sabuni na jua.

Nikafungua kabati. Nguo alizoziacha nilikuwa nimezifua zote, hata ile sweta ya kijivu ya asubuhi za baridi ambayo haikuwa chafu. Nikashika moja moja. Sabuni na jua. Mimi, kwa mikono yangu, bila kutumwa na mtu, nimemfua mke wangu nikamtoa ndani ya nyumba.

Tumelala kila mmoja pembe yake, na hakuna aliyekula.

Jumatano, 9 Aprili

Ngurumo ya kwanza imepiga saa nane mchana. Nilikuwa nimemrudisha Doa kwenye mnyororo. Kabla sijafika mlangoni alikuwa ameng'oa msumari wa mnyororo kwenye mpera, ameruka ua, na mnyororo unaburuzika nyuma yake. Nimemwita mpaka sauti ikakauka. Mvua imeanza kubwa. Hajarudi.

Alhamisi, 10 Aprili

Hajarudi.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimempata. Nitaandika yote, maana nisipoandika nitakaa hapa nikiutazama ukuta.

Alhamisi na Ijumaa nilitembea Bongwe yote, nikashuka Ukunda, nikauliza kwenye vibanda, bodaboda na machinjioni. Mvua ilikuwa ikikatika na kurudi. Jana alasiri Mzee Swabir alinikuta njiani nimelowa, akageuka na mwavuli wake akanifuata bila kuulizwa. Ana miaka sabini na moja. Nikamwambia arudi nyumbani.

"Nitarudi tukimpata," akasema. "Mama Judy akija akakuta mbwa hayupo, utamwambia nini?"

Nilikuwa nimeogopa swali hilo hilo kwa siku mbili. Kisha nikaogopa jingine kubwa zaidi: kwamba hatakuja, kwa hivyo hakuna atakayeniuliza.

Leo asubuhi mtu wa bodaboda alituambia kuna mama huko Tiwi ameona mbwa mwenye mnyororo. Tulifika kama saa nne. Mama huyo anaitwa Mbodze, analima muhogo na mahindi. Alitupeleka kwenye kibanda cha makuti anachowekea makumbi ya nazi, akanyoosha kidole. Ndani kabisa, nyuma ya makumbi, niliona baka la hudhurungi.

"Siku ya kwanza nilitaka kumfukuza kwa fimbo," Mbodze akasema. "Nikaona hata hanibwekei. Si mkali huyu. Anaogopa. Nikamwekea maji nikamwacha."

Nilimwita. Akanitazama, kisha akazidi kujikunja. Ukosi ulikuwa umemchuna shingo, damu imekauka kwenye manyoya. Nilitaka kuingia nimvute, maana ndivyo ninavyojua. Mbodze akanishika mkono. "Kaa tu hapo, baba. Una haraka ya nini?"

Nikaketi kwenye makumbi. Sijui muda gani. Mvua ikanyesha, ikapita. Mzee Swabir alisimama nje na mwavuli, akiongea na Mbodze habari za mbegu. Hatimaye nikasikia mnyororo unasogea, na pua baridi ikagusa kiwiko changu. Nikaufungua mnyororo, nikauacha pale pale kwa Mbodze.

Tuliporudi, Doa aliyelowa alijipangusa kwenye kikoi cha Mzee Swabir. Nikaona haya, maana kwa dini yake mbwa aliyelowa ni najisi. Yeye akaangalia kikoi, akasema, "Maji mara saba, na moja kwa udongo. Kazi ndogo." Akaenda kwake kukifua.

Jumanne, 15 Aprili

Amekuja Lewis, afisa wa mifugo wa Ukunda, kijana wa bara mwenye pikipiki. Ameosha kidonda na kupaka dawa. Nimemuuliza kama kuna sindano ya woga.

"Dawa zipo, mzee, lakini tusianzie hapo. Usimfunge. Usimpige wala kumkemea akiwa ameogopa, hataelewa. Mpe chakula saa zile zile kila siku. Mtafutie pahali pa giza pasipo na kelele, aingie na kutoka mwenyewe. Na mvua ikija, ukae naye. Nani alikuwa anakaa naye?"

"Mke wangu."

"Basi muulize alikuwa anafanyaje. Huyo ndiye daktari wake."

Nimesema nitamuuliza. Tangu aondoke tumetumiana ujumbe mara nne, zote za "Mama yuko vipi?" na "Yuko hivyo hivyo." Sijampigia. Mtandao wa Samburu ni mzuri, mji uko kando ya barabara kuu. Kwa hivyo mtandao si sababu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimempigia. Ninaandika maneno kama yalivyokuwa.

"Ni mimi," nikasema.

"Naona." Kisha, "Huku ni jua tu, hatujaona tone. Mama jana amekunywa uji nusu kikombe. Kuna nini?"

Nikamwambia Doa alitoroka, siku tatu, hadi Tiwi. Sikumficha mnyororo. Nikamsikia akivuta pumzi. "Amepatikana?" Nikasema amepatikana, amelala miguuni pangu.

"Afisa wa mifugo anasema nikuulize. Mvua ikija ulikuwa ukimfanyia nini?"

"Simfanyii kitu. Nakaa naye stoo."

"Stoo ya nje?"

"Stoo ina makuti, Baba Judy. Mvua haigongi. Humo nyumbani mabati yanampigia kichwani. Nakaa sakafuni, nampa ubavu badala ya uso, simtazami machoni. Akitaka kuja anakuja mwenyewe. Nachambua mboga zangu na kuongea."

"Unaongea nini?"

"Chochote. Yeye hasikilizi maneno. Anasikiliza kama sauti ina haraka au haina."

"Chochote kama nini?"

Upande wake lori lilipiga honi ndefu.

"Mambo niliyokuwa nataka kukuambia wewe," akasema. "Ngoja, mama ananiita."

Simu ikakatika.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimefungua stoo. Imejaa vitu vyangu. Nilipostaafu nililundika humo kila nilichopewa hotelini: ubao wa pasi, matenga, godoro bovu, masanduku ya vibanio. Nyuma yake yote, kwenye pembe, nimeukuta mkeka mdogo umeviringishwa, pamoja na ungo. Hapo ndipo palipokuwa pao. Nilipaziba Desemba bila kuuliza, na Ngina hakusema. Nimetoa kila kitu nje, nimefagia, nimetandika mkeka. Doa alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akaingia akajilaza kwenye pembe kana kwamba hakuwahi kutoka.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Ngurumo saa kumi, si kubwa. Tulikwenda stoo. Nilikaa sakafuni, magoti yanalia, nikampa ubavu. Nikafungua mdomo niongee na sikupata neno. Mtu wa miaka hamsini na saba. Mwishowe nikaanza kumweleza mashine namba tatu ya pale hotelini, jinsi ilivyotikisika ikikamua, tukawa tunaikalia wawili wawili isitembee. Alitetemeka mpaka mwisho, lakini hakukimbia.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Mashine namba tatu tena.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua mchana kutwa bila ngurumo. Amekula sahani yote.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo nimemweleza jinsi ya kutoa wino kwenye pamba. Anapenda sauti ya chini, ile ambayo Ngina husema mimi huitumia nikiongea na fundi. Nikiipandisha kidogo masikio yanasimama. Nimeanza kujisikiliza. Kumbe huwa naongea kama mtu anayechelewa zamu.

Jumamosi, 3 Mei

Nimemtumia Ngina picha ya Doa kwenye mkeka. Amejibu, "Amenenepa." Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili.

Jumanne, 6 Mei

Leo imekuwa siku mbaya, na sijui kama niite mbaya.

Ilianza saa tisa. Wingu lilitoka upande wa bahari, jeusi kama chini ya sufuria, na radi ya kwanza ilipiga karibu mno mpaka kuta zikaitika. Tulikuwa tayari stoo. Doa aliruka akagonga mlango kwa kichwa, akaanza kuuchimba. Niliufungua, nikauacha wazi kama alivyosema Lewis. Nikajua akitoka sasa nimempoteza. Nilitaka kumkamata. Mikono yangu miwili niliikalia.

Nikaanza kuongea. Mashine, wino, pasi; nilisikia sauti yangu inatetemeka kama yeye, haina faida yoyote. Radi ya pili. Nikasema tu jambo lililokuwa karibu. Nikasema, "Haikuwa kwa sababu ya mila."

Mara nilipolisema, sauti ikatulia. Nikaendelea. Nikamwambia Doa kwamba mila ni kweli ipo, lakini watu wanajenga chumba pembeni na mambo yanakwisha. Baba yangu mwenyewe alifanya hivyo. Nikamwambia kwamba kwa miaka ishirini na sita nilitoka nyumba hii alfajiri nikimwacha Ngina amelala na kurudi akiwa amechoka. Kwamba kule chumba cha dobi, kwenye moto na mvuke, nilikuwa nikihesabu miaka iliyobaki ili siku moja nikae naye barazani mchana, sisi wawili, tukinywa chai bila mtu kutazama saa. Desemba ikafika. Februari akaniomba tumlete mama. Nikaona miaka yangu inachukuliwa kabla sijaionja. Sikutaka kugawana. Hayo ndiyo yote. Nikayafunika kwa mila kwa sababu mila haiulizwi, na nimeishia kukosa hata kidogo ambacho ningegawana.

Sikuwahi kumwambia Ngina kwamba nilikuwa nikimsubiri. Yeye alidhani nilikuwa nikisubiri kustaafu.

Niliponyamaza mvua ilikuwa imekuwa ya kawaida. Doa hakuwa mlangoni. Alikuwa amelala nyuma yangu, mgongo kwa mgongo, mzito, amejilegeza. Sikumwona alivyokuja.

Jumatano, 7 Mei

Nimekaa stoo leo bila mvua, nikaipima kwa hatua. Tatu na nusu kwa nne. Ina mlango wake. Inatazama mashariki. Imetengana na nyumba yangu kwa ua mzima.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwonyesha Mzee Swabir. Alizunguka, akagonga nguzo, akatazama juu. "Makuti haya yamechoka. Unataka kumlaza mgonjwa hapa?" Nikasema mama mkwe wangu, kama atakubali. Akasema, "Una mke aliyekubali wewe miaka yote hiyo. Anza kazi." Sikujua kama ananitania. Kwa Mzee Swabir mtu hajui.

Jumapili, 18 Mei

Madirisha mawili yamewekwa. Mvua kila siku. Saruji haikauki.

Jumatano, 28 Mei

Doa amelala kwenye ngurumo ndogo, mimi nikiwa juu ya ngazi. Kwa hivyo hata kukaa karibu sikuhitaji. Nilifurahi, kisha nikaona upweke kidogo.

Jumatano, 4 Juni

Makuti mapya yamekamilika. Kitanda kimeingia, kifupi, ili mtu ashuke bila kuinuliwa. Sijamwambia Ngina. Kila nikishika simu naona si neno la simu.

Ijumaa, 13 Juni

Kesho ninakwenda Samburu. Mwero, anayeleta mbuzi Ukunda kutoka Samburu kila wiki, anarudi na pikapu tupu, atatupitisha njia ya Kinango. Nimesema "tutakuja wawili" na akadhani ni mimi na Mzee Swabir.

Jumapili, 15 Juni, Samburu

Ninaandika nyumbani kwa mama mkwe, chini ya mti wa miiba. Nchi hii ni kavu, vumbi jekundu mpaka kwenye chai. Na ni mwendo wa saa tatu tu kutoka kwetu kwenye matope.

Tulifika jana saa sita. Doa alikaa nyuma ya pikapu, mimi kando yake, nikimweleza kila kilima. Nilipofungua mlango wa nyuma aliruka, akasimama, akainua pua. Ngina alikuwa akitoka nyuma ya nyumba na ndoo. Mbwa hakubweka. Alikwenda chini chini, tumbo likikaribia ardhi, mpaka miguuni pake, akalala juu ya nyayo zake. Ngina aliweka ndoo chini, akachuchumaa, akamfunika uso kwa mikono. Amekonda. Kitambaa alichojifunga kichwani sikijui.

Alipoinuka akanitazama. "Umekuja kumleta mbwa?"

"Nimekuja," nikasema.

Akanipa maji ya kunawa.

Alasiri, nikipita nje ya dirisha, niliona jambo bila kukusudia. Kitanda cha mama kiko karibu na dirisha linalotazama barabara. Kila lori linapopiga honi au kufunga breki, mama anashtuka mwili mzima, na ule mkono mmoja wenye nguvu unashika shuka. Kisha analia bila machozi, sauti nyembamba. Ngina huacha kila kitu akakimbilia. Kwa saa chache tu nilihesabu mara kumi na mbili. Ndivyo alivyoishi tangu Machi.

Mungu anisamehe, niliijua ile sauti.

Kuingia chumbani kwake sikuweza, na kumtazama ni utovu wa adabu. Nikachukua kigoda nikakaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, uso wangu barabarani, yeye ndani. Malori niliyaona mimi kwanza. Nikaanza kuongea kwa Kikamba, polepole, si na mtu yeyote. Nikasema linakuja lori la mabomba, litapiga honi, halina ubaya. Nikasema mvua ya Bongwe imeoza mahindi kwenye bonde. Nikasema jirani yetu ana kikoi kilichofuliwa mara saba. Honi ikapiga. Nikaendelea pale pale, sikuharakisha. Kulipokaribia jioni, lori kubwa lilifunga breki mbele yetu na ndani sikusikia kitu. Kisha nikasikia mama akisema neno moja, kwa shida, mdomo mzito: "Endelea."

Ngina alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na ungo mkononi. Sijui tangu lini.

Jumatatu, 16 Juni, Samburu

Leo asubuhi Ngina amekaa sakafuni jikoni akichambua pojo. Nikakaa chini karibu naye. Akashangaa, maana kwa kawaida ninaitisha kiti. Sikumtazama. Nikamwambia yote niliyomwambia Doa tarehe sita Mei: mila, miaka, chai ya barazani. Nikamwambia chumba kipo.

Alichambua mpaka akamaliza, muda mrefu.

"Kwa nini hukuniambia unanisubiri?" akasema.

"Nilidhani unajua."

"Nilikuwa najua unachoka. Hicho ndicho nilichokuwa nakiona kikiingia mlangoni."

Kisha akaniambia mambo yake. Hayo hayataandikwa hapa.

Alasiri alimuuliza mama. Mama hataki, si sasa. Anataka kusimama kwanza kwenye nyumba yake, na ana siku ya kliniki mwezi wa nane. Ngina akanitazama kusubiri uso wangu utafanya nini. Nikasema makuti mapya yanakaa miaka.

"Na mimi sitamwacha," akasema.

"Najua. Sijaja kukuchukua."

Jumanne, 17 Juni, Samburu

Ngina anasema tangu jana Doa analala chini ya kitanda cha mama. Ule mkono wenye nguvu unaning'inia, na vidole viko ndani ya manyoya yake. Lori likipita, mkono unakaza, na yeye hasogei. Malori si radi, hayamhusu.

Ngina hakuniomba. Mimi ndiye niliyesema, "Nitarudi kesho na Mwero. Doa atabaki."

"Utakaa na nani?"

Nikasema Mzee Swabir yuko.

Jumatano, 18 Juni

Nimefika Bongwe saa kumi. Doa alinisindikiza mpaka kwenye pikapu, akasubiri nipande, kisha akageuka akarudi ndani bila kuangalia nyuma. Ngina alibaki langoni. Aliniwekea mkononi kile kitambaa chake cha kichwa, kimekunjwa. "Usikifue," akasema.

Ijumaa, 20 Juni

Sijakifua.

Jumanne, 24 Juni

Nimepika chakula cha watatu kwa mazoea. Nimempelekea Mzee Swabir. Amesema chumvi imezidi, akala chote.

Jumapili, 29 Juni

Mvua imerudi alasiri, kubwa, pengine ya mwisho ya msimu. Ngurumo ilipoanza nilijikuta nimeshavuka ua na kufungua chumba cha mama, na nimekaa sakafuni kando ya kitanda kitupu. Hapakuwa na wa kumpa ubavu. Nikaona haya, nikataka kuinuka, lakini sikuinuka. Makuti yalinyamazisha mvua ikawa kama watu wengi wanaoongea mbali. Nilikuwa na maneno mengi na kwa mara ya kwanza sikuwa na pa kuyapeleka.

Simu ikalia.

"Redio inasema pwani kunanyesha," Ngina akasema. "Kuna radi?"

"Ipo."

"Uko wapi?"

"Chumba cha mama. Sakafuni."

Upande wake nilisikia kuku, na sauti ya mama akiuliza kitu, na Ngina akimjibu kwa Kikamba kwamba ni mimi.

"Uko peke yako," akaniambia. Halikuwa swali.

"Niko."

"Basi usikate. Nina pojo hapa za kuchambua."

Nikaiweka simu kwenye goti. Radi ilipiga upande wa Diani, nami nikamsikia akivuta ungo karibu, akaanza kunieleza, bila haraka yoyote, jinsi siku yake ilivyokuwa tangu asubuhi.